Safu Tupu Ubaoni

Kindu, tarehe 18 Mei 1980

Kwako Yaya Katungu, dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa heshima zote zinazostahili, ninakutangazia rasmi kifo cha jino langu la nyuma, upande wa kulia. Marehemu alizaliwa huko Butembo, akahamia Kindu kikazi pamoja nami, akatumika kwa uaminifu, kwanza kwenye nyama, halafu, mishahara ilipoanza kuchelewa, kwenye sombe, majani ya muhogo, peke yake. Aliondoka Jumanne asubuhi mikononi mwa muuguzi wa reli, bila hotuba na bila wimbo. Familia inaomba usicheke.

Najua umecheka. Basi kwa kuwa umecheka, sasa naweza kukuuliza hali. Magoti yanasemaje na baridi ya huko milimani? Duka linaendelea? Shemeji ameacha kukohoa, au bado anaitetea ile tumbaku yake kama mwanasheria? Watoto wanasoma? Sisi huku wazima. Joto ni lile lile, mto uko pale pale, treni inakuja siku inayotaka yenyewe. Mke wangu Hélène, ambaye mbele ya serikali, iliyokataza majina ya kizungu, anaitwa kwa jina la bibi yake, na ambaye mbele yangu anaitika akipenda, anakusalimu sana wifi yake. Anasema kitenge ulichomtumia kimewaumiza macho majirani wote, na kwamba hilo ndilo lililokuwa lengo.

Ndugu yetu Ferdinand alifika salama na lori lake la maharagwe, akiwa na tope hadi kwenye kope, maana barabara inayopita mji wa Kama, kwa mvua hii, imekuwa supu. Alinipa ujumbe wako neno kwa neno, mara mbili, kwa sauti yako, hata ukali wako akauweka. Nimeuelewa. Unataka niandike barua ya kuomba radhi, niseme ile safu ya ubaoni ilikuwa ya Uingereza, shemeji aipeleke kwa yule mtu wake wa ofisi za mkoa, Bukavu, nami nirudi darasani kabla ya mtihani wa taifa. Uongo mdogo, ulisema, usiomuumiza mtu. Pia Ferdinand ameniambia ninavyosemwa sokoni kwenu: kwamba nilifukuzwa kwa ulevi, kwamba nilipiga magoti mbele ya bendera nikalia, kwamba nimefungwa minyororo. Yaya, nitakujibu yote. Ila uniache nianzie mwanzo. Mimi ni mwalimu, nikianzia katikati napotea.

Kwetu kila mtu anauza kitu. Wewe vitenge, Ferdinand maharagwe, marehemu baba alikuwa na mbuzi na maneno matamu. Mimi peke yangu nilichagua kuuza tarehe za wafalme waliokufa, na wateja wangu hawana pesa. Kila mwaka, mwezi wa nne, darasa la sita, la mwisho la sekondari, nawapa somo ninalolipenda kuliko yote: kwa nini watu wa nchi mbalimbali waliinuka kuwaondoa wafalme wao. Vitabu hatuna. Kitabu chetu ni ubao mweusi wenye miguu, na chaki ikikosa kuja na treni tunaandika kwa muhogo mkavu. Kwa hiyo shuleni kwetu kuna sheria moja inayoheshimiwa kuliko sheria zote za Jamhuri: mwalimu akiandika pembeni "Usifute", hakuna mkono utakaogusa ubao ule, hata wa prefe, mkuu wa shule, mpaka mwanafunzi wa mwisho amalize kunakili.

Mwaka huu, Ijumaa ya somo hilo, nilichora safu tano. Ya kwanza Ufaransa, ya pili Urusi, ya tatu Ethiopia, ya nne Irani, ambayo ni mbichi bado, habari zake nilizipata kwa redio usiku sikio likiwa limebanwa ukutani. Kushoto, kuteremka chini, nikaandika sababu. Niliandika kwa Kifaransa, wewe nakuwekea kwa lugha yetu. Hazina ya nchi na mfuko wa mfalme ni kitu kimoja. Chakula kimepanda, mshahara umelala. Askari analalamika. Mfalme anasikia sifa, hasikii njaa. Anayesema ukweli anafungwa.

Kila nchi ina namna yake ya kukasirika, Yaya, na hapo ndipo somo linapokuwa tamu. Paris walikosa mkate baada ya mavuno mabaya, na mfalme alikuwa anakaa mbali, kwenye jumba la vioo. Urusi, akina mama walichoka kupanga mstari wa mkate kwenye theluji huku waume zao wanakufa vitani. Ethiopia, askari wa kambi moja waligoma kwa sababu ya chakula kibovu na maji machafu, na mambo yakaendelea mpaka mfalme wa wafalme akatolewa ikulu ndani ya gari dogo la Volkswagen. Darasa lote lilicheka hapo, kila mwaka wanacheka hapo. Irani, mfalme aliwafanyia wageni wake karamu jangwani kwenye mahema ya kifahari, kisha akaamuru nchi nzima iwe na chama kimoja na kila mtu awe mwanachama. Hapo hawakucheka. Walitazama madirishani.

Nikawauliza kama ni njaa inayoangusha wafalme. Wakasema ndiyo. Nikawaambia hapana. Njaa watu wanaizoea, ndilo jambo la kusikitisha. Kule Ethiopia watu wa Wollo walikuwa wanakufa na ukame, na mji mkuu ulilala usingizi. Ulichafuka ulipogundua kwamba wakubwa walijua wakaficha, huku mezani kwao vyombo havipungui. Kinachomwangusha mfalme ni ile siku watu wanapojua kwamba alijua. Baada ya maneno hayo kengele ikalia ya kwenda kucheza na kumwimbia Kiongozi wa nchi, nasi tukaenda kucheza, mimi na tumbo langu hili, mbele kabisa, kwa sababu walimu lazima wawe mfano. Safu ya tano ikabaki tupu. Juu yake hakuna jina, chini yake hakuna neno. Pembeni: "Usifute".

Jumamosi asubuhi palikuwa na salongo, kazi ile ya kujitolea kwa lazima. Tulifyeka majani kandokando ya reli. Baada ya hapo mkutano wa mtaa ulitakiwa kufanyika kwenye ukumbi wa Chama, lakini upepo ulikuwa umeondoka na mabati, basi wakahamia darasani kwangu. Mjumbe wa Chama, citoyen Lukonga, 'raia' kama sisi sote tangu 'bwana' ikatazwe, akasimama mbele ya ubao. Sitamsema vibaya kupita kiasi. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya misheni, ana sauti nzuri mpaka leo, na hata akikutukana unasikia ni sauti ya tatu. Akaanza kutufundisha faida ya kulima muhogo, sisi ambao hatuli kitu kingine.

Watu hawakumtazama yeye. Walitazama juu ya bega lake. Mwanvua, binti wa darasa langu la sita, alikuwa amekaa na mama yake muuza samaki asiyejua Kifaransa, akawa anamtafsiria chini chini, mstari baada ya mstari. Benchi la nyuma likainama mbele kusikia. Benchi la pembeni likasogea. Muda mfupi tu na darasa zima lilikuwa kimya, kimya cha watu wanaosoma, na citoyen Lukonga akadhani ni utamu wa hotuba yake, akaongeza sauti. Hapo Léon, fundi wa karakana ya reli, mtu asiyejua kunong'ona kwa sababu ya nyundo, akauliza mbele ya watu wote ile safu tupu ni ya nani: "Mwalimu, ile ya mwisho iko bure. Njo ya nani?"

Yaya, kicheko kile sijawahi kukisikia Kindu. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama sufuria inayoanza kuchemka. Akina mama walijifunika midomo kwa ncha za vitenge. Citoyen Lukonga akageuka, akasoma, akasoma tena, na shingo yake nikaiona inajaa. Akauliza safu hiyo ni ya nchi gani. Kila mtu alikuwa amekwisha kuijaza kichwani mwake.

Jumapili baada ya misa prefe wetu, Okito, alikuja nyumbani. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekula viazi vyako vyote ulipokuja kututembelea. Alikuwa anatoka jasho kuliko kawaida ya mji huu. Aliniambia Lukonga ameapa kunipeleka Bukavu, lakini yeye amembembeleza, na wamekubaliana: Jumatatu kwenye bendera nitajaza safu ile mbele ya shule nzima, niseme ilikuwa hivyo tangu mwanzo, na yaishe. "Mwalimu, tia mufalme yeyote," akanisihi. Wa Ubelgiji? Hapana, wale tunapokea misaada yao. Akafikiri, akajifuta uso, akasema: "Tia Uingereza. Wale wako mbali." Nikacheka mpaka akakasirika. Hakujua ninachocheka, na wewe subiri kidogo, nitakuambia.

Yaliyotokea Jumatatu nitayaeleza mwisho, maana ndiyo jibu lako. Kwa sasa ujue nilivyo. Nimesimamishwa kazi. Minyororo sikufungwa. Nililala mahabusu kwa gendarme, nikaliwa na mbu wa serikali, Hélène akaniletea ugali na maneno makali, kisha nikaachiwa. Sasa nakaa naye sokoni, nauza chumvi na sabuni. Ucheke, ni haki yako: mwishowe mdogo wako amekuwa mfanyabiashara, na ndiye mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa kwetu. Mtu akilalamika bei, namuelewa mara moja, napunguza. Hélène amenikataza kushika mizani.

Lakini kuna jambo, Yaya. Akina mama wa sokoni wakipita mbele yangu, wananiuliza kama vile wanauliza habari za mgonjwa: "Mwalimu, ile safu imejaa?" Nami najibu: "Bado, mama." Wanacheka, wanaendelea. Mama Mwanvua ananiwekea samaki mmoja juu ya niliyemnunua. Wafanyakazi wa reli wananipungia kofia. Hata Okito, ambaye mchana hanijui, jioni hupita nyuma ya nyumba na kuuliza: "Imejaa?" Mji mzima unaamini niliiacha tupu makusudi. Wanaona mimi ni mtu jasiri na mwenye hila, niliyepima, nikapanga, nikaacha mtego.

Sasa nikuungamie, na usimwambie mtu. Ilikuwa ya Uingereza.

Ndiyo. Kweli kabisa, mbele ya Mungu na mbele ya kaburi la baba. Mfalme Charles, mwaka 1649. Nilikuwa nimemtayarisha vizuri, namna alivyotawala miaka kumi na moja bila bunge, akagombana na watu kuhusu kodi na dini, mpaka wakamkata kichwa. Hélène ni shahidi, nilimsomea somo zima Alhamisi huku anachambua mchele, akaniambia huyo naye amezidi. Lakini Ijumaa chaki iliisha na kengele ikalia. Hayo ndiyo mapinduzi yangu yote: kipande cha chaki kilichoisha mapema. Kwa hiyo ule uongo mdogo unaoniomba, Yaya wangu, si uongo. Ni ukweli mtupu. Na hata hivyo siuandiki. Hapa ndipo utakaponiita punda, nami nakuomba uniite baada ya kusoma.

Jumatatu nilikwenda nikiwa na nia ya kuandika. Usinifanye shujaa. Usiku mzima nilikuwa nimejifunza kusema sentensi yenyewe. Tuliimba, tukacheza, bendera ikapanda. Ubao ulikuwa umetolewa uani, umesimama juani kwa miguu yake mitatu, na safu zake tano hakuna aliyezigusa. Citoyen Lukonga akanipa chaki mpya, nzima. Sikuwa nimeona chaki nzima tangu mwezi wa kwanza, nikaigeuzageuza kama mtoto. Akaniambia niandike na niseme kwa sauti.

Nikawatazama darasa langu la sita. Hawakunitazama. Walikuwa wanatazama miguu yao, kama watu wanaomwonea huruma mtu aliyechanika suruali bila kujua. Walikuwa wamekwisha kunisamehe, Yaya. Wote, hata Mwanvua. Walijua nitaandika nini na kwa nini, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa sababu nyumbani kwao kila siku wanaona watu wazima wakifanya hivyo hivyo. Hapo nikaelewa kwamba ukweli wangu, ukisemwa pale, kwa amri ile, utakuwa uongo. Wangesikia mwalimu wao akisema kwamba walichokiona kwa macho yao Jumamosi hawakukiona. Na kesho wao wangeandika Uingereza, na kesho kutwa watoto wao, kila mara watakapoulizwa kuhusu kitu kilicho mbele ya pua zao.

Basi mdomo wangu huu, ambao leo una pengo, ukafunguka wenyewe. Nikamwuliza citoyen mjumbe, kwa adabu zote, safu ile inamsumbua nini. Akasema kila mtu anajua. Nikamwambia nafurahi sana kusikia hivyo, somo limeeleweka, lakini mtihani unataka jibu lililoandikwa. Nikamkabidhi chaki. Hakuipokea. Akasema ninamtukana Kiongozi. Nikamwuliza katika mstari upi. Akafungua mdomo, akatazama ubao, ule mstari wa mfuko na hazina, ule wa sifa na njaa, na akaufunga mdomo wake. Nikaendelea, maana nilikuwa nimekwisha kupotea: nikamkumbusha kwamba nchi yetu ni jamhuri, haina mfalme, na ubao ule ni wa wafalme peke yao. Kama yeye anaona tunastahili safu, aandike yeye, mimi nitatia alama.

Akapiga kelele ubao ufutwe. Akamwamuru mwanafunzi wa kwanza, hakusogea. Wa pili, hakusogea. Akamtazama Okito, na Okito akatazama mbinguni kama anayengoja ndege. Pembeni palikuwa pameandikwa "Usifute". Yaya, nakuapia, sijui kama walikaidi kwa ajili yangu au kwa mazoea tu, lakini shule nzima ilisimama na hakuna mkono ulioinuka. Mwishowe citoyen Lukonga akafuta mwenyewe, kwa mkono wa koti lake. Kitambaa kikavu juu ya chaki hakifuti, kinasambaza. Akasugua mpaka akachoka, na bado Ufaransa ilionekana, Ethiopia ilionekana. Safu iliyotoka safi ni ile moja tu isiyokuwa na kitu. Hakuna aliyecheka. Nadhani ndicho kilichomuuma zaidi. Aliondoka uani na mkono mweupe hadi kwenye kiwiko, hajui.

Kwa gendarme niliachiwa kwa sababu ya ajabu. Kamanda alichukua kalamu ili aandike kosa langu, akamwomba mjumbe amsomee. Amemfananisha nani na nani? Lukonga akasema: unajua. Kamanda akasema yeye hajui, aambiwe aandike, na atakayesema atie sahihi chini. Akamsogezea kalamu, Lukonga akatia mikono mfukoni. Nikarudishwa kwenye mbu, na asubuhi nikaambiwa niende nyumbani kungoja uamuzi.

Sasa unaelewa kwa nini yule mtu wa Bukavu amekuwa mwema hivyo kwa shemeji. Wanahitaji barua yangu. Bila hiyo hawana kitu mikononi. Nikiomba radhi, nitakuwa nimekiri kosa ambalo wao wenyewe hawathubutu kulitamka, na faili litakuwa limejaa kwa mwandiko wangu. Watanirudisha darasani, labda. Lakini atakayerudi hatakuwa na kitu cha kufundisha.

Na wewe, Yaya, unayeniomba kwa upendo. Krismasi iliyopita, noti zilipotangazwa kuwa zimekufa, ulisimama mbele ya benki na akiba ya duka lote kwenye kikapu, ukarudi nayo ikiwa karatasi tupu, huku wengine walikuwa wamekwisha kubadilisha zao kwa mlango wa nyuma kwa sababu walijua. Uliniandikia wakati ule, mistari miwili tu: "Walijua, Mbusa. Walijua." Sasa niambie wewe, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, niandike Uingereza?

Siandiki. Mwambie shemeji namshukuru kwa moyo wote, na kwamba nikipelekwa mbele ya mtu yeyote, Bukavu au kwingine, nitasema hivyo hivyo: leteni chaki, andikeni nyie. Darasa la sita wanakuja nyumbani jioni, wawili wawili, kama wanaokuja kununua sabuni. Mtihani watafanya. Mfalme Charles nimewafundisha juzi, kichwa chake na kila kitu, na walipomaliza kunakili Mwanvua alinitazama na kusema taratibu kwamba huyu naye, mwalimu, inabidi tumtafutie safu ya sita.

Ferdinand anapiga honi, anataka kuondoka kabla ya mvua, na barua hii itasafiri ndani ya soksi yake, uisamehe harufu. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja, usimsahau yule mdogo anayebisha kila kitu, huyo amenirithi. Wasalimie majirani wa pande zote mbili za duka. Hélène anasema ukikasirika, ukasirike ukiwa umekaa, kwa ajili ya magoti. Mungu akulinde huko milimani, nasi atutazame huku kando ya mto.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,

Mbusa Constantin